Wenye Mto na Wenye Jabia: Chara na Akiba ya Maji ya Kunywa

Mimina maji ya mto Tana ya wakati wa masika kwenye gilasi, kisha weka kidole nyuma yake. Hukioni. Iache gilasi hiyo usiku kucha, na asubuhi utakuta tope laini limelala chini, rangi ya chai ya maziwa, na juu yake maji yaliyotakata kiasi cha kumshawishi mwenye kiu. Vijiji vya delta vimeyazoea maji hayo kwa vizazi: huchotwa, huachwa yatuame, huchujwa kwa leso kuukuu, hunywewa. Kesho yake mto upo palepale, na mtu huenda tena.

Chara ni kimoja cha vijiji hivyo, katika delta ya Tana, upande wa Garsen, kaunti ya Tana River. Mgeni akiliangalia eneo hili kwenye ramani huona buluu kila upande: mto, vijito, maziwa yanayojaa na kukauka, mikoko, halafu Bahari Hindi. Ni vigumu kumweleza kwamba hapa watu hukosa maji ya kunywa, tena hukosa kwa njia mbili. Wakati wa kaskazi maji hupungua, visima hukauka au huingia chumvi. Wakati wa mafuriko maji huzidi, na visima na vyoo huwa bwawa moja.

Nashikilia kwamba shida kubwa ya Chara ni akiba. Watu wenye mto hawakuwa na haja ya kujifunza kuweka maji. Wenye kuishi visiwani bila mto walilazimika kujifunza, nao si wa mbali: wako Lamu na Pate, safari ya siku moja tu. Sasa mto umebadilika tabia, na elimu ile ya visiwani inatuhusu sote tunaoijali delta. Inatuhusu yote kwa jumla, pamoja na kosa walilolifanya waliotutangulia katika elimu hiyo.

Mto uliobadilika

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya. Huanza Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na husafiri kilomita 1,000 hivi kabla ya kufika baharini. Kwa watu wa delta haujawahi kuwa mto wa kutulia. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi na mizigo ipite kwa urahisi. Maji yakaupenda mfereji. Sehemu kubwa ya Tana ikahamia huko, na mlango wake mkuu ukawa Kipini hadi leo. Njia iliyochimbwa kwa majembe iligeuka kuwa mto, na mkondo wa zamani ukadhoofika. Hilo peke yake lingetosha kutufunza kwamba katika delta, kijiji kilicho ukingoni leo kinaweza kukuta maji yamehama kesho.

Karne ya 20 ikaleta mabwawa ya umeme huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Taifa lilipata umeme, na delta ikapata mto unaopanda na kushuka kwa hesabu mpya. Mto unapokuwa mnyonge, bahari hujaa na kusukuma chumvi kuingia ndani. Wakulima wa vijiji vya Ozi na Kau wanaijua vizuri habari hii, kwa kuwa wameiona kwenye mashamba ya mpunga na kwenye miembe iliyokauka ikiwa imesimama. Chumvi inayoua mwembe huingia pia kwenye kisima kifupi.

Kisha kuna miaka ya kupindukia. Wazee bado huhesabu mambo kwa El Niño ya 1997 na 1998. Vijana wanayo yao: mafuriko ya 2018, ya Novemba 2023, na ya Aprili na Mei 2024, yaliyohamisha maelfu ya familia za Tana River. Katikati yake ulipita ukame mkali, misimu mitano ya mvua iliyoshindwa mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Na Oktoba 2022, ukame ukiwa haujaisha, kipindupindu kilizuka Kenya na kusambaa kaunti baada ya kaunti, Tana River ikiwemo.

Ukiyaweka matukio hayo kwenye mstari mmoja utaona jambo. Kila mara kulikuwa na kipindi cha maji mazuri kabla ya kipindi cha maji mabaya. Mvua ilinyesha kabla ya ukame. Mto ulikuwa wa kawaida kabla ya kufurika. Kilichokosekana ni daraja la kuyavusha maji ya siku njema hadi siku mbaya bila kuyaharibu njiani. Daraja hilo ndilo hifadhi.

Walichojifunza watu wa visiwani

Mji wa Pate na wa Siyu, Faza, Kizingitini, na vijiji vya pwani hadi Kiunga havina mto wa kuvinywesha. Visima vyao vingi ni vya maji ya chumvichumvi. Jibu la wazee wao lilikuwa jabia: uwanja mpana uliosakafiwa, wenye mteremko kidogo, unaokusanya mvua na kuiongoza hadi kwenye tangi lililojengwa ardhini na kufunikwa. Ndani ya nyumba za mawe kulikuwa na birika, na pembeni mitungi ya udongo. Jabia halikuwa kitu cha mtu mmoja. Lilikuwa na wasimamizi, lilisafishwa kabla ya mvua, na maji yake yalikuwa na utaratibu wa kuchotwa. Ujenzi wake wahitaji mwashi, na udumifu wake wahitaji mji wenye makubaliano.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuigwa. Sehemu ya kuogopwa ilitokea kisiwani Lamu mwaka 2004. Mwaka ule homa ya chikungunya iliupiga mji, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba robo tatu hivi ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Viungo viliuma hadi watu wakashindwa kusimama. Ajabu ni kwamba mlipuko haukuja na mvua. Ulikuja na ukame na joto lisilo la kawaida. Watafiti walioufuatilia walieleza kwamba kiangazi kile kilifanya maji ya nyumbani yakae muda mrefu bila kubadilishwa, na mbu aina ya Aedes, anayependa kuzaa katika maji safi ya mtungi na pipa kuliko dimbwi la nje, akapata makazi ndani ya nyumba. Kutoka Lamu ugonjwa ulifika Mombasa, ukavuka hadi Ngazija na visiwa vingine vya Komoro mwanzoni mwa 2005, ukaendelea hadi Réunion na India.

Nalitaja jambo hili kwa uzito wote. Mji wenye historia ndefu ya kuhifadhi maji ulipigwa kupitia maji uliyoyahifadhi. Kwa hiyo neno "hifadhi" peke yake halimwokoi mtu. Kila muda wa hifadhi una adui wake: maji ya siku moja huharibiwa na mkono, maji ya mwezi huharibiwa na chombo na tope, maji ya msimu huharibiwa na uzembe wa pamoja. Anayeweka maji lazima ajue anayaweka kwa muda gani, ili ajue anayalinda dhidi ya nani.

Maji ya siku: mkono na kata

Tuufuate mtungi mmoja. Ni ule wa manjano wa lita 20, uliowahi kubeba mafuta ya kupikia. Msichana ameujaza mtoni alfajiri, mahali panapojulikana kuwa na mamba, akiangalia maji kwa jicho moja na ukingo kwa jicho lingine. Nyumbani mama anaumimina kwenye ndoo pana au chungu cha mdomo mpana, kwa kuwa chungu hupoza maji. Juu anaweka kifuniko. Kata inaning'inia ukutani. Mtoto aliyetoka kucheza anaifunua ndoo, anazamisha kata, vidole vinne vinaingia majini pamoja nayo, anakunywa, anayarudisha yaliyobaki. Hakuna aliyefanya ubaya. Lakini maji yaliyofika nyumbani na najisi kidogo sasa yana najisi zaidi, na kufikia jioni familia nzima imekunywa kutoka vidole vile.

Picha hii imechunguzwa mara nyingi. Mwaka 2004 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 57 kutoka nchi mbalimbali wakakuta kwamba, kwa kawaida, maji ya kunywa ndani ya nyumba huwa machafu kuliko yalivyokuwa kisimani au bombani. Miaka ya 1980, katika mitaa ya mabanda ya Kolkata, familia zilizopewa mtungi wa shingo nyembamba, ambao mkono haupiti, ziliambukizwa kipindupindu kidogo kuliko majirani. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji iliyokuwa Malawi, ndoo yenye kifuniko na mdomo wa kumiminia ilipunguza kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kwa asilimia 31. Ndoo yenyewe haikuwa na dawa yoyote. Ilichofanya ni kuuzuia mkono usiingie.

Hapa Kenya mfano mzuri ulitoka Nyanza. Akina mama wa huko hawakutaka kuacha chungu, kwa sababu plastiki haipozi maji, na maji ya moto mdomoni si maji. Wafinyanzi wakatengeneza chungu kipya: shingo nyembamba, kifuniko, na koki chini. Mila ikabaki, mkono ukatolewa. Hilo lawezekana pia katika delta, palipo na mfinyanzi. Pasipo mfinyanzi, ndoo yenye koki inatosha. Pasipo koki, mtungi wa shingo nyembamba uinamishwe na kumiminwa. Pasipo hata huo, basi kata iwe na mpini mrefu, itundikwe juu ya ukuta, na mtoto amiminiwe na mkubwa. Katika mambo yote nitakayoyataja, hili ni la bei nafuu sana, na linawalinda watoto.

Maji ya mwezi: tope, dawa na kizibo

Baada ya siku huja swali la wiki mbili hadi mwezi. Hii ndiyo akiba ya dharura, ya siku ambazo barabara ya Garsen imekatika au kijiji kimezingirwa na maji. Hesabu yake si ngumu. Katika joto la delta mtu anahitaji kama lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia kidogo. Familia ya watu sita hutumia karibu mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Wiki mbili ni mitungi 14. Mwezi ni 30.

Maji hayo yawe katika mitungi midogo badala ya pipa moja kubwa, na sababu ni mafuriko yenyewe. Pipa la lita 200 halipandi mtumbwini. Likifunikwa na maji ya mafuriko, akiba yote imekwenda. Mitungi 14 ya kilo 20 hugawanywa: mingine huwekwa juu ya uchaga, mingine hubebwa kwenda mahali pa mwinuko, na mmoja ukivuja hauiharibu mingine. Tena mtungi ukifunguliwa, hunywewa ukaisha kabla ya kufungua wa pili, hivyo mkono hauigusi akiba nzima.

Chombo chenyewe kina masharti. Mtungi wa mafuta ya kupikia unafaa ukioshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto hadi harufu iishe. Mtungi uliobeba dawa ya shambani haufai kamwe, hata ukioshwa mara mia, na katika eneo lenye kilimo cha mpunga mitungi ya aina hiyo ipo. Uliobeba dizeli au mafuta ya taa haufai vilevile, kwa sababu plastiki hunywa kilichomo na kukitoa polepole. Mtungi unaopitisha mwanga uwekwe gizani, kwani mwanga huotesha ule utando wa kijani.

Halafu tunarudi kwenye gilasi yetu ya mwanzo. Tope si uchafu wa kuonekana tu. Tope huficha vijidudu na hula dawa. Ukitia klorini kwenye maji ya Tana yasiyotuamishwa, sehemu kubwa ya dawa huishia kupambana na matope, na vijidudu hubaki. Kwa hiyo mpangilio haubadiliki: tope kwanza, dawa baadaye. Maji yatuame usiku kucha, ya juu yamiminwe taratibu kupitia leso safi iliyokunjwa mara nne. Wakati wa masika, kutuama peke yake hakutoshi. Hapo shabu husaidia, na mbegu za mlonge zilizotwangwa pia: hukamata chembe za tope, zikashikana, zikazama. Wanawake wa kando ya Naili nchini Sudan wamezitumia mbegu hizo tangu zamani. Zipo pia pakiti ndogo za unga zenye vyote viwili, kigandisha tope na klorini, na zilijaribiwa magharibi mwa Kenya, mahali pa maji ya matope kama ya kwetu. Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kuhara kumepungua.

Kutuamisha kuna faida nyingine ambayo watu wachache huisema. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono havidumu: maji yakikaa siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono, vimekufa. Kwa eneo lenye kichocho, hata maji ya kuogea watoto yakiwekwa siku mbili ni kinga. Hapo muda wenyewe ni dawa.

Sasa dawa ya maji. WaterGuard imeuzwa Kenya tangu 2003, na vipo pia vidonge vya klorini. Kanuni ya kawaida kwa ile ya chupa ni kifuniko kimoja kwa lita 20 za maji yaliyotakata, viwili yakiwa na ukungu, kisha kusubiri dakika 30. Anayetumia asome maandishi ya chupa yake, kwa kuwa nguvu hutofautiana. Klorini ina sifa ambayo moto hauna: hubaki majini ikilinda. Maji yaliyochemshwa hadi yakatokota dakika moja yamepona, lakini hayana mlinzi, na kata moja chafu huyarudisha yalikotoka. Tena kuchemsha kwahitaji kuni kila siku, na kuni za delta zina mwisho.

Lakini mlinzi huyu huchoka. Katika chombo kinachofunguliwa kila saa, kwenye joto la Garsen, nguvu ya klorini yaweza kuisha ndani ya siku moja. Chungu cha udongo huila haraka kuliko plastiki. Chupa ya dawa yenyewe ikikaa juani hupoteza makali, na iliyopita muda wake haifai. Kwa hiyo maji ya akiba yatiwe dawa siku ya kujaza, mtungi ujazwe hadi juu, kizibo kikazwe, uwekwe kivulini, tarehe iandikwe kwa kalamu ya wino mzito. Siku ya kuufungua, yatiwe dawa tena. Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa maji yaliyojazwa nyumbani ni kuyabadilisha kila miezi 6. Mimi nasema kwa maji ya mto na joto la Chara, tusingoje hivyo: kila mwezi mitungi ya zamani itumike, mipya ijazwe. Mkulima wa Kipokomo hawezi kuacha mbegu ya mpunga miaka mitatu bila kuiangalia akategemea itaota. Akiba ya maji ni mbegu ya namna hiyo.

Ambaye hana dawa wala kuni ana jua. Chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ikijazwa maji maangavu na kulazwa juani kwa muda wa saa 6, vijidudu vingi hufa. Siku ya mawingu, ziwe siku mbili. Jaribio miongoni mwa watoto wa Kimaasai wa Kajiado, lililochapishwa 1996, lilionyesha kuhara kumepungua. Sharti ni maji maangavu: ukishindwa kusoma maandishi kupitia chupa, jua nalo halipiti.

Maji ya msimu: paa na makubaliano

Msimu hauvukiki kwa mitungi. Siku 90 za kaskazi, kwa familia ile ile ya mtungi mmoja kwa siku, ni lita 1,800. Hapa ndipo mtu huangalia juu, kwenye paa.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua moja nzuri ya milimita 20 juu ya bati la mita za mraba 30 ni lita 600. Ondoa zinazoruka na kuvuja, zimebaki 480, yaani mitungi 24 ambayo hakuna aliyeibeba kichwani. Lakini nyumba nyingi za Kipokomo zimeezekwa makuti au nyasi, na nyumba ya kuhamishika ya wafugaji wa Kiorma ni ya nyasi na mikeka. Paa hizo hazikusanyi maji ya kunywa. Kwa hiyo paa la delta ni paa la pamoja: shule, zahanati, msikiti, kanisa.

Tuchukulie shule yenye bati la mita za mraba 200, ikipata milimita 400 za mvua katika misimu ya mwaka mzima. Baada ya kutoa hasara ya sehemu moja kwa tano, ni lita 64,000. Zikihifadhiwa zote kwa kunywa tu, zitavusha familia 35 siku 90. Hesabu hii inasema mambo mawili. Kwanza, paa moja la shule ni mali kubwa, na kuliacha bila mlizamu ni kuacha shamba bila kupanda. Pili, kijiji cha familia mia kadhaa hakiokolewi na tangi moja la lita 10,000 lililozinduliwa kwa hotuba. Tangi la lita 10,000 ni msimu mmoja wa familia tano.

Maji ya paa huwa na kinyesi cha ndege na mijusi, kwa hiyo mvua ya kwanza iachwe iende nje, milizamu isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, mdomo wa tangi uwe na wavu wa kuzuia mbu, na koki iwe juu kidogo ya sakafu ili tope libaki chini. Hapa ndipo Lamu ya 2004 inaporudi. Mayai ya Aedes hunata kwenye kuta za chombo juu ya maji na hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja maji yarudi. Kumwaga maji hakuyaondoi; kuta zisuguliwe. Tangi lisilofunikwa vizuri ni afadhali lisijengwe.

Katika delta, tangi lazima liinuliwe juu ya alama ya mafuriko yanayojulikana. Tangi la ardhini linalofaa Pate lingejaa maji ya choo Chara siku mto unapofurika. Silanga lililochimbwa kwa mifugo libaki la mifugo; watu wakinywa humo, hunywa pamoja na ng'ombe.

Lililo gumu zaidi ni makubaliano. Mapigano ya 2012 na 2013 katika delta yaliua zaidi ya watu 100, Wapokomo na Waorma, na sababu zilikuwa nyingi: ardhi, siasa, malisho, na njia za kufikia maji, zile malka ambazo ng'ombe hupitia kwenda mtoni. Tangi la maji ya kunywa halitatatua suala la ardhi. Lakini tangi likijengwa upande mmoja, likafungwa kwa kufuli la upande mmoja, litaongeza kidonda. Kamati yake iwe ya pande zote, yenye wanawake wanaobeba maji, na kanuni ya mgao ikubaliwe wakati wa mvua, wakati hakuna mwenye kiu. Jabia la Pate lilidumu kwa sababu mji uliamua mapema nani anachota lini.

Hifadhi isichoweza

Ni lazima kusema mipaka. Klorini haiondoi chumvi. Kuchemsha hakuondoi chumvi, huikoleza. Shabu, mlonge, jua, vyote havigusi chumvi. Kisima kilichoingia bahari hakifai kuwekwa akiba, hata kikiwa na maji maangavu kama machozi. Tafiti kutoka pwani ya Bangladesh zimehusisha maji ya kunywa yenye chumvi nyingi na shinikizo la damu kwa wajawazito, na mazingira ya kule yanafanana sana na ya Kipini na Ozi. Kwa vijiji hivyo njia ni mvua, au bomba kutoka mbali, au mtambo wa kutoa chumvi kama ule wa umeme wa jua uliowekwa Kiunga mwaka 2018. Hizo si kazi za kaya.

Hapo naingia kwenye pingamizi ninaloliheshimu. Wapo wanaosema kwamba kumfundisha mama wa Chara kutuamisha, kuchuja na kutia dawa ni kumtwisha yeye mzigo wa serikali. Wana hoja. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ni wajibu wa kaunti. Mtungi wenye koki haufuti deni hilo. Lakini kipindupindu hakisubiri bajeti, na hata siku bomba litakapofika, maji yake yatamiminwa kwenye ndoo ile ile. Kaya isimamie mkono na kizibo. Kijiji kisimamie paa na mgao. Kaunti isimamie mitambo, dawa ya bei nafuu dukani Garsen hata wakati barabara ni tope, na upimaji wa chumvi visimani. Mmoja akishindwa, wengine wawili wasiwe kisingizio chake.

Na kuna jambo moja ambalo delta inalo na visiwa havina. Mafuriko ya Tana hutangulizwa na habari. Masinga likijaa na kuanza kumwagika, tangazo hutoka, maji hupita Garissa, na huchukua siku kadhaa kuteremka hadi Garsen. Mara nyingi siku hizo hutumika kuokoa magodoro na mbuzi, na ni sawa. Ziongezewe kazi moja: siku tangazo linaposikika redioni, mto ungali wa kawaida, kila nyumba itoe mitungi yake, ituamishe, ichuje, itie dawa, ikaze vizibo, iandike tarehe. Mitungi 14 kwa familia. Mto utakapofika mlangoni, maji ya kunywa yatakuwa tayari yameshapanda mahali pa juu.

Watu wa Pate walijifunza kuweka akiba kwa sababu hawakuwa na mto wa kuwahurumia. Chara ina mto, na mto huo bado hutoa maji mazuri siku nyingi za mwaka. Siku hizo ndizo za kujaza.